Ua la Mchai

Cucu yangu hanywi chai ya maua. Safari moja nilimpelekea pakiti kutoka Nairobi, ile nyekundu ya rosela. Akaonja, akaweka kikombe chini. "Hii ni rangi tu. Chai iko wapi?"

Kwetu ni juu ya Runyenjes, Embu, mashamba ya chai yanapokaribia msitu wa Mlima Kenya. Huku maua hufuata mvua. Juni iliyopita, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, nilikuta mistari mitatu ya chini ya shamba imechanua: petali nyeupe, katikati manjano, nyuki wamejaa. Utotoni sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nikapiga picha na kusema shamba limependeza. Cucu hakucheka.

"Mchai ukichanua hivyo," akasema, "ujue umeachwa."

Ni kweli. Mchai ni mti, na ukiachwa hurefuka na kutoa maua. Sisi huupogoa ubaki usawa wa kiuno, kisha kila baada ya wiki moja au mbili tunachuma majani mawili na chipukizi. Mti unaotunzwa hivyo haupati nafasi ya kuchanua sana. Mistari ile haikuwa na mchumaji. Wajukuu tuko mjini, vibarua wanataka pesa taslimu, na magoti ya cucu yamechoka.

Nilidhani ananilaumu kwa uvivu. Kumbe stori ilikuwa ndefu zaidi.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903. Kwa karibu nusu karne ikabaki zao la mashamba makubwa ya wazungu, huku Mwafrika akizuiwa kuilima. Kahawa ilitangulia kidogo: miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Embu, Meru na Kisii kuipanda kwa majaribio. Chai ikasubiri.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, 1952. Waembu, pamoja na Wakikuyu na Wameru, walihamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vyenye ulinzi. Cucu alikuwa msichana mdogo ndani ya kimojawapo. Vita vikiendelea, mwaka 1954 ukatangazwa Mpango wa Swynnerton: Waafrika wapewe hati za ardhi na waruhusiwe mazao ya biashara. Wakoloni walitumaini kwamba mkulima mwenye shamba na mapato hatakimbilia msituni. Mwaka 1960 likaundwa shirika la kusimamia mazao hayo kwa wakulima wadogo, na mwaka 1964, baada ya uhuru, likazaliwa KTDA.

Kwa hivyo cucu alipopanda miche yake, alikuwa akipanda kitu ambacho baba yake alikatazwa. Majani yale yalilipa karo ya mama yangu na wajomba. Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo kama yeye. Ukimwambia chai ni ua lolote lililotiwa maji moto, unamwambia nusu ya maisha yake haikuwa na maana.

Lakini ua la mchai je? China watu hulikausha na kulinywa. Shamba letu halinyunyiziwi dawa, basi nikachuma yaliyofunguka, nikayakung'uta wadudu watoke, nikayatandaza kwenye ungo. Juni Embu ni ukungu na baridi, kwa hivyo niliyaanika ndani, mbali na moshi, siku tatu. Nikatia kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, nikafunika dakika tano. Rangi ikawa ya dhahabu hafifu. Nikaongeza asali ya Mbeere.

Cucu akanusa kwanza. Akanywa polepole, akanyamaza.

"Hii inatoka kwa mti wangu," akasema. Halafu, si utani, akaomba maziwa.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, aliniamsha na kunipa kisu cha kupogolea. Tulishuka hadi mistari ile mitatu. Nilikata hadi jua likawa juu, maua yakianguka miguuni, na yeye akiwa ameketi ukingoni akinionyesha ni tawi lipi nimeruka.