Shukrani Katika Ndoa: Neno Linalosubiriwa Nyumbani



Mkwaja ni kijiji cha wavuvi na wakulima katika Wilaya ya Pangani, kusini mwa Mkoa wa Tanga, kando ya barabara ya pwani inayoelekea Saadani na Bagamoyo. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni pori la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambayo ndani yake imo ardhi iliyokuwa zamani ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Waamini Wakatoliki huko ni wachache katikati ya majirani zao Waislamu, nao wanafahamiana kama watu wa nyumba moja. Padre anayefika kuwaadhimishia Misa Takatifu haruhusiwi kuondoka upesi: hukaribishwa, huketishwa jamvini, hulishwa, na huko jamvini hujifunza mambo ambayo hakuyasikia seminarini.

Ndivyo nilivyokaa siku moja na wanandoa waliokuwa na miaka 24 ya ndoa. Mume ni mvuvi, mke huchoma vitumbua na kusuka mikeka. Niliwauliza kama wameanza kujiandaa kwa jubilei yao ya miaka 25. Mume akanijibu, “Baba, tumeona tuahirishe. Kusi la mwaka huu limekuwa kali, fedha za sherehe hazipo. Mambo yakikaa vizuri tutafanya.” Nikamwuliza, nusu kwa utani, kama kumshukuru mama watoto nako kumeahirishwa. Akacheka: “Si anajua, Baba!” Mkewe alikuwa amekaa pembeni, mkono wake juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Hakuinua macho. Alisema, “Ninajua, Baba. Ila sijawahi kulisikia.”

Makala hii imezaliwa na jibu hilo. Nimekutana na nyumba nyingi ambazo hazina ugomvi wala uzinzi, na watoto wanasoma, lakini watu wawili wanazeeka ndani yake wakiwa na njaa ya neno moja.

Shukrani iliyo mikononi

Tuwatendee haki wanandoa hawa kabla ya kuwafundisha. Mvuvi wa pwani hii haendi kwa saa ya ukutani, huenda kwa maji na upepo. Chombo kilichofungwa ufukweni hakielei maji yakiwa yamekupwa, na upepo wa umande unaovuma alfajiri kutoka bara ndio unaokitoa nje. Kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku, saa ya kuondoka leo si saa ya kuondoka kesho. Leo ni saa tisa usiku, keshokutwa ni karibu saa kumi na moja. Mama huyu hajawahi kwenda kuvua, lakini anazijua saa hizo sawasawa na mumewe. Anajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini, kwa sababu kwa miaka 24 ameamka kabla ya mumewe, akachochea moto, akamwekea chai na chochote kilichobaki jioni. Mume hunywa, hubeba nyavu zake, huondoka gizani.

Naye mume ana lake. Chombo kinaporudi, wachuuzi huwa wamekwisha kusimama ufukweni wakingoja. Kabla samaki hawajahesabiwa, yeye hutenga kitoweo cha nyumbani: changu mmoja, au vibua wawili. Hutenga hata siku ambayo samaki ni wachache, hata siku ambayo anadaiwa. Hukifikisha nyumbani, mke hukipokea, hukiparua, hukiungia nazi. Katika hayo yote hakuna anayesema kitu.

Katika miaka yangu ya kwanza ya upadre ningewahubiria watu hawa kwamba hawana shukrani, nami ningekuwa nimekosea. Watu wa pwani, na si wao peke yao, wana desturi ya kale ya kushukuru kwa mikono. Kitoweo kilichotengwa kabla ya mauzo ni shukrani, na chai ya saa tisa usiku ni shukrani. Nyumba hiyo haikuwa na ile shukrani ya punda, ambayo ni mateke.

Lakini tendo lina udhaifu wake. Tendo linalorudiwa kila siku huacha kuonekana, kama vile mkazi wa ufukweni anavyoacha kusikia mawimbi. Chai ya kwanza baada ya harusi ilikuwa zawadi, na mume aliiona. Chai ya elfu moja imekuwa kawaida. Chai ya elfu saba imekuwa haki yake, na siku itakapokosekana, huenda neno la kwanza kusikika kuhusu chai katika nyumba hiyo likawa lawama. Hapo ndipo neno lina kazi ambayo tendo haliwezi kuifanya peke yake: hulichukua jambo lililokwisha kugeuka wajibu na kulirudisha kuwa zawadi. Mume anaposema, “Mama Fulani, asante kwa kuamka,” hajaongeza kitu chochote juu ya ile chai, lakini amekiri kwamba mkewe angeweza kulala.

Kanisa la nyumbani na meza ya Bwana

Neno Ekaristi lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kushukuru. Kila Dominika, kabla ya mageuzo, padre huwaalika waamini wamshukuru Bwana, nao hukiri kwamba kufanya hivyo kunafaa. Mama Kanisa anaiita familia ya Kikristo Kanisa la nyumbani, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1657, inaitaja shukrani miongoni mwa mambo ambayo kwayo wanafamilia hutekeleza ukuhani wao wa Ubatizo. Basi mume na mke wanaotoka altareni wakirudi kwenye nyumba isiyo na neno la asante wamebeba nusu tu ya kile walichoadhimisha.

Mtume Paulo aliliona jambo hili. Katika sura ya tatu ya Waraka kwa Wakolosai, aya ya 18 na 19 zinawahusu wake na waume, na waume wanakatazwa kuwa wakali kwa wake zao. Watu wengi huzisoma aya hizo mbili peke yake, hasa wanaume wanaotaka kuikumbuka ile ya kwanza. Wasome kuanzia aya ya 15 hadi ya 17: Mtume anarudia mara kwa mara kuagiza shukrani, ndipo anapoingia nyumbani mwa wanandoa. Mpangilio huo una maana. Kwanza ni watu wa shukrani, kisha ni mume na mke.

Katika Kitabu cha Tobiti, sura ya nane, Tobia na Sara usiku wa harusi yao wanainuka kusali, na sala yao inaanza kwa kumsifu Mungu kabla ya kumwomba chochote. Tena, katika Injili ya Luka, sura ya 17, wakoma kumi wote waliponywa, na mmoja tu, Msamaria, akarudi. Nimejiuliza mara nyingi wale tisa walipoteza nini. Hawakunyang'anywa uponyaji. Walikosa kurudi, yaani walikosa kukutana tena uso kwa uso na yule aliyewaponya. Ndivyo ilivyo katika ndoa. Chai imenywewa, samaki ameliwa, hakuna aliyelala njaa. Kinachopotea ni kule kukutana.

Tarehe 14 Februari 2014, Papa Fransisko alipokutana na wachumba katika uwanja wa Mtakatifu Petro mjini Vatikano, aliwapa maneno matatu ya kuishi nayo: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba msamaha. Aliyarudia katika Wosia wa Kitume Amoris laetitia, yaani Furaha ya Upendo, wa tarehe 19 Machi 2016, namba 133. Wako waliosema ni mafundisho mepesi mno kwa Papa. Mimi naona wasemao hivyo wajaribu kwanza kwa juma moja.

Neno kwa nyumba zenye ndoa ya dini mbili, ambazo pwani yetu inazo. Mwenzi Mwislamu anapoanza chakula kwa jina la Mungu na kumaliza kwa kumhimidi, Mkatoliki asikae kimya kama mgeni, wala asifanye mashindano. Apige ishara ya msalaba, ashukuru kwa sala yake fupi, kisha amshukuru aliyepika. Watoto wanaotazama watajifunza kwamba katika nyumba hiyo chakula hakiliwi bila kushukuru.

Wenzi waliotutangulia

Tarehe 18 Oktoba 2015 Kanisa liliwatangaza kuwa watakatifu mume na mke kwa pamoja, Louis Martin na Zélie Guérin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu. Walifunga ndoa mwaka 1858, wakapata watoto tisa na kuwazika wanne kati yao wangali wadogo. Louis alikuwa fundi saa, Zélie alitengeneza lesi mjini Alençon, na shughuli ya mke ilipokua mume aliiacha kazi yake ya saa akamsaidia. Waamini wa Mkwaja watapenda kujua kwamba Louis alikuwa mpenzi wa kuvua samaki, na samaki wake aliwapelekea watawa Waklara. Barua nyingi za Zélie zimehifadhiwa. Zimejaa mambo madogo ya nyumbani, ugonjwa wa mtoto, kazi iliyochelewa, na kati ya hayo furaha ya wazi kwa mume aliyepewa.

Karibu nasi zaidi yuko Mwenyeheri Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, baba wa familia, aliyeuawa tarehe 2 Februari 1990 kwa kukataa kuchangia fedha za kumlipa mganga wa kutafuta wachawi. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 13 Septemba 2015. Kabla ya kifo dini chake alijulikana kijijini kwa jambo jingine: alimsaidia mkewe kazi za nyumbani, ambazo wanaume wenzake waliziona si za mwanamume. Mwanamume anayejua uzito wa ndoo ya maji hasahau kumshukuru anayeibeba.

Mahali ambapo shukrani haitumiki

Lazima niseme hili wazi, kwa sababu nimeona mafundisho ya shukrani yakitumika vibaya. Mama anayepigwa haambiwi ashukuru kwamba ana mume. Mwanamume anayedhalilishwa nyumbani vivyo hivyo. Shukrani hutolewa kwa jema. Kipigo si jema, wala si msalaba ambao Kristo amemtwika mtu. Kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba mwenzi anayeleta hatari kubwa ya kiroho au ya kimwili kwa mwenzake au kwa watoto humpa huyo mwingine sababu halali ya kuondoka, na ikiwa kuchelewa ni hatari, anaweza kuondoka hata kabla ya agizo la mamlaka ya Kanisa. Papa Fransisko katika Furaha ya Upendo, namba 241, anakiri kwamba zipo hali ambapo kutengana ni wajibu wa kimaadili. Aliye katika hali hiyo aende kwa paroko, na aende pia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Jumuiya Ndogo Ndogo isimrudishe kwa maneno ya uvumilivu.

Jubilei haihitaji ukumbi

Narudi kwa wenzi wetu na jubilei yao iliyoahirishwa. Waamini wengi wanadhani jubilei ya ndoa ni kula viapo upya, na kwamba bila sare, keki na mshereheshaji haijafanyika. Yote mawili si kweli. Sakramenti ya Ndoa hairudiwi. Madhehebu ya Ndoa yana ibada ya kuwabariki wenzi katika kumbukumbu ya ndoa yao ndani ya Misa, na Misale ya Kiroma ina sala maalumu za mwaka wa 25 na wa 50. Baada ya homilia, mume humhimidi Mungu kwa sababu alimpokea mkewe, mke humhimidi Mungu kwa sababu alimpokea mumewe, kisha wote wawili humshukuru kwa kuwa pamoja nao katika raha na taabu. Pete hubarikiwa zikiwapo. Baada ya Baba Yetu, padre huwaombea baraka. Ni ibada ya shukrani tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachotakiwa ni kumwarifu paroko mapema pamoja na cheti cha ndoa.

Niliwaeleza hayo palepale jamvini. Mwaka uliofuata walisimama kigangoni katika Misa ya kawaida, mume na shati lililopigwa pasi, mke na kanga mpya aliyonunuliwa na binti yao. Mume alisoma maneno yake polepole kutoka kitabuni, akamtaja mkewe kwa jina la Ubatizo, ambalo nadhani hakuwa amelitamka kwa miaka mingi. Kisha akanitazama kama anayeomba ruhusa, akaongeza lisilokuwamo kitabuni: “Na kwa chai ya usiku.” Waamini walicheka, na mke akajifunika uso kwa kanga. Baadaye tulikula wali wa nazi na kolekole nyumbani kwao. Saa nane maji yalianza kujaa, naye akaomba radhi, akaenda kukiangalia chombo chake.