Kazi ya Ujira na Malezi ya Jamaa katika Mkoa wa Simiyu

KAZI YA UJIRA NA MALEZI YA JAMAA ni mada ya uchumi na elimu ya jamii ihusuyo namna mtu agawanyavyo saa na nguvu zake baina ya shughuli iletayo fedha na shughuli ya kutunza watoto, wagonjwa, wazee na nyumba, ambayo haina malipo. Na maadamu mgawanyo huo, karibu kila pembe ya dunia, huwaelemea wanawake kuliko wanaume, mada hii haitengeki na ile ya usawa wa jinsia. Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria kuwa wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa zote za utunzaji usiolipwa: saa 4 na dakika 25 kwa siku, ilhali wanaume hutoa saa 1 na dakika 23. Makala hii yaeleza hali hiyo katika Mkoa wa Simiyu, ambako pamba ndiyo chimbuko kuu la fedha za mkulima, na ambako mchuma riziki na mlezi aghalabu ni mtu yule yule, asiye na mwajiri wala hati ya mshahara.

Mahali na watu

Simiyu ni mkoa wa kaskazini mwa Tanzania, kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, uliotangazwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza. Makao yake makuu ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, ambao wengi wao ni Wasukuma, wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Na mkoa huu ndio unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba.

Asili ya mgawanyo

Kazi ya ujira iliingia Usukumani kwa mlango wa wanaume. Zama za Waingereza vijana wengi wa Kisukuma walikwenda Tanga na kwingineko kukata mkonge, wakaitwa manamba, na tangu 1944 wakakusanywa na chama cha waajiri kilichojulikana kwa jina la SILABU. Nyuma yao wakaachwa wake na mama zao, wenye dhima ya mashamba, mifugo midogo, watoto na wakongwe. Pamba ilipostawi, na vyama vya ushirika vikaungana mwaka 1955 katika Victoria Federation chini ya uongozi wa Paul Bomani, fedha zilisogea karibu na nyumbani, lakini jina lililoandikwa katika daftari la chama lilikuwa, kwa kawaida, la mkuu wa kaya, naye ni mwanamume.

Hali hiyo haikufichika kwa viongozi wa taifa huru. Azimio la Arusha la 1967 lilikiri bayana kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, bila ya kuacha Jumapili wala sikukuu, na likawashutumu wanaume wa vijijini kuwa nusu ya maisha yao wamo likizoni. Hata hivyo dawa iliyoagizwa ilikuwa ni kuwatia wanaume shambani, si kuwafikisha jikoni; na suala la nani amtunze mtoto wakati mama yumo shambani likabaki pale pale lilipokuwa.

Mwaka wa pamba

Kulima kwa plau na maksai ni kazi ya wanaume na vijana, nayo imepanua mashamba maradufu ya yale yaliyowezekana kwa jembe la mkono. Lakini palizi, ambayo aghalabu ni ya mkono, haikupata maksai wake, hata kila ekari iliyoongezwa na plau ikawa ni siku zilizoongezwa juu ya migongo ya wanawake. Mbegu hupandwa kuanzia Novemba, palizi huja pamoja na mvua, na ndiyo miezi ile ile ambayo malaria huongezeka na akiba ya chakula ghalani hupungua, hivyo kwamba mama huhitajiwa shambani na kitandani pa mgonjwa kwa wakati mmoja.

Uvunaji, unaoanza kiasi cha Mei, hurudiwa mara kadhaa, kwa sababu matumba ya pamba hayapasuki yote kwa pamoja. Mchumaji hupita mstari baada ya mstari, mtoto mchanga akiwa mgongoni kwa mbeleko, na yule aliyekwisha kuachishwa ziwa akiwa chini ya mti, mikononi mwa dada yake wa miaka minane au tisa. Jioni, ugali ukiwa haujasongwa, pamba humwagwa juu ya mkeka au chanja ikachaguliwa kwa vidole: iliyo nyeupe na kavu huwekwa kando kuwa pamba safi, na iliyoingia madoa au majani huwa pamba fifi, yenye bei ya chini. Katika kuchagua huko ndimo ilimo tofauti ya bei, na kuchagua huko hufanywa katika saa ambazo hakuna azihesabuye kuwa ni za kazi, kwani huhesabiwa kuwa ni za nyumbani. Msimu huo huo ndio wa kukata na kuanika viazi vitamu viwe michembe, akiba ya miezi ya njaa, na hiyo nayo ni kazi ya wanawake. Kisha magunia hupelekwa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika, na malipo hutoka kwa jina la mwanachama. Wahenga walisema kuwa mchumia juani hulia kivulini. Ila hapa achumaye na apokeaye si lazima wawe mtu mmoja.

Wenye mshahara

Walimu, wauguzi na makarani wa halmashauri, ambao ni wachache, wana kinga ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa mbili kwa siku. Baba hupewa siku 3. Kwa likizo ya mama, Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 183 wa mwaka 2000 wataka zaidi ya hapo: wiki 14, yaani siku 98. Lakini tofauti ya siku 84 za mama na 3 za baba yasema wazi, kuliko hotuba yoyote, nani adhaniwaye kuwa mlezi. Fauka ya hayo, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali na nyumba yake hana faida kubwa ya saa mbili za kunyonyesha, ikiwa zote zitaishia njiani. Likizo ikiisha, wengi huajiri dada wa kazi, mara nyingi msichana aliyetoka kijijini: mzigo haukugawanywa baina ya mume na mke, bali umehamishwa kutoka kwa mwanamke mwenye mshahara kwenda kwa mwanamke mwenye ujira mdogo mno.

Hukumu ya 1983

Thamani ya kazi ya nyumbani iliwahi kupimwa mahakamani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama iliamua kwamba, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hata hivyo mdai mwenyewe hakupata hisa, kwa kuwa ilionekana amekwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara. Hukumu hiyo imekuwa msingi wa mashauri mengi ya baadaye. Upungufu wake ni kuwa hesabu hiyo hufunguliwa wakati wa talaka au kutengana tu: mke ambaye ndoa yake yadumu, naye akachagua pamba kwa misimu 30, hana siku ambayo sheria humwambia fungu lake ni kiasi gani.

Juhudi za karibuni

Hatua iliyo na athari kubwa kwa saa za wanawake huenda si ile iliyobuniwa kwa jina lao. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega hadi wilaya nyingine za Simiyu, ulioridhiwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 kwa ajili ya kukabili ukame, ni mradi pia wa kupunguza mwendo wa kuchota maji, ambao ni wa wanawake na wasichana. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyotia malezi katika mipango ya halmashauri. Kadhalika, sheria yaagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kati yake ikiwa ya wanawake. Lakini mkopo humwongezea mama shughuli bila ya kumwondolea hata moja, asipopatikana wa kumshikia mtoto.

Tathmini

Tofauti ya Simiyu na miji mikubwa ni kuwa nyingi ya tiba zilizozoeleka, yaani likizo, saa za kunyonyesha na fao la uzazi, zasimama juu ya mwajiri, na mwenye pamba hana mwajiri. Kwa hiyo mahali pa kurekebishia ni pale fedha na saa zinapohesabiwa hasa: katika daftari la chama cha msingi, ambamo uanachama waweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke wote wawili, na katika kalenda ya vituo vya kulelea watoto, ambavyo vikifunguliwa kijijini kwa miezi ya palizi na ya mavuno tu vitamfaa mkulima kuliko kituo cha mjini kilicho wazi mwaka mzima. Yote mawili yamo ndani ya uwezo wa vyama na halmashauri zilizopo. Lisilo ndani ya uwezo wao ni kumfanya baba asonge ugali jioni ya kuchagua pamba, na bila ya hilo hesabu itasahihishwa nusu tu.