Neno Dogo na Makarani Wake

Katika lugha ya Kiingereza limo neno la herufi tatu, set, ambalo mtoto hulitamka kabla hajajua kushika kalamu, na ambalo mzee mwenye elimu yake, akitakiwa alifasiri kwa ukamilifu, hushindwa. Jua likichwa, meza ikiandaliwa, mtego ukitegwa, mfupa uliovunjika ukiungwa, saruji ikiganda, bei ikipangwa, msafiri akishika njia, vyombo vya chai vikitimia idadi yake, yote hayo Mwingereza huyabebesha neno hilo moja. Sisi tulilipokea kwa sura ya seti, tukaridhika na maana mbili tatu za viti, vikombe na hesabu, nyingine tukawaachia wenyewe.

Nasaba yake si moja. Kitenzi ni cha Kiingereza cha kale kabisa, na asili yake ni kukifanya kitu kikae, kama sisi tunavyopata ketisha katika keti. Walakini nomino inayofanana nacho kwa sauti ilitoka Kilatini, ikapitia Kifaransa cha kale, ikiwa na maana ya wafuasi wa madhehebu moja. Karne zilivyopita maneno hayo mawili yalichanganyika hata leo mwenye seti ya vikombe hawezi kuapa kama vikombe vyake ni vitu vilivyowekwa pamoja au ni waumini wa imamu mmoja.

Taabu ya maneno ya namna hii aliionja Samuel Johnson, aliyetunga kamusi yake mjini London akisaidiwa na makarani sita, watano kati yao wakiwa Waskoti, akaitoa mwaka 1755. Katika dibaji alinung'unika, si juu ya maneno makubwa ya wanazuoni, ambayo aghalabu yana maana moja na hutulia pale yalipowekwa, bali juu ya vitenzi vidogo vya kila siku, set na run vikiwamo, ambavyo maana zake hazina mipaka wala mwisho. Hata hivyo take peke yake alilipa maana 134.

Karne moja baadaye, mwaka 1857, Jumuiya ya Filolojia ya London iliazimu kukusanya tarikhi ya kila neno la Kiingereza: lilionekana lini mara ya kwanza, likabadilika vipi, nani aliliandika. Wasomaji wa kujitolea waliombwa wasome vitabu na kunakili sentensi katika vijikaratasi, navyo vikaja kwa mamilioni. Jambo hilo husifiwa sana, nami nalisifu, lakini isisahauliwe kwamba kwa miaka mingi vijikaratasi hivyo vilitunzwa vibaya mno: gunia moja lilifika na panya aliyekufa ndani yake, na sehemu ya herufi P ilikutwa katika zizi la farasi huko Ireland, nyingi yake ikiwa imekwisha kuwashiwa moto.

James Murray, mwalimu wa Kiskoti, ndiye aliyekabidhiwa fujo hiyo mwaka 1879, kwa mapatano kwamba kazi yote ingekwisha katika miaka 10. Alijenga banda la mabati, akalijaza visanduku, na watoto wake wenyewe, ambao walikuwa 11, wakapanga vijikaratasi kwa ujira wa senti chache. Mwaka 1884, ilipotoka sehemu ya kwanza, alikuwa amefika katika neno la Kiingereza la chungu, yule mdudu, wala hajaimaliza A. Zaidi ya hayo, neno la kijakazi lilipotea pamoja na vijikaratasi vyake, kamusi ikatoka bila yeye. Hata katika vitabu mtumwa wa kike hakukosa kusahauliwa.

Lile neno set lenyewe liliangukia mikononi mwa Henry Bradley, ambaye naona amenyimwa sifa anayostahili. Mtu huyu hakuwa na shahada ya chuo. Kwa takriban miaka 20 alikuwa karani wa barua katika kampuni ya visu mjini Sheffield, akijifundisha lugha za kale usiku. Kazi yake katika set ilikuwa kutandaza mbele yake sentensi za zaidi ya miaka 1,000, kuziweka jamaa kwa jamaa, kisha kuamua ni wapi maana moja inakoma na nyingine inaanza, uamuzi ambao hauna mizani ila akili ya anayeamua. Murray alifariki mwaka 1915, Bradley mwaka 1923, na kamusi yao, ile tunayoiita ya Oxford, ikatimia mwaka 1928.

Kwa kuwa mpaka wa maana huamuliwa na akili ya mtu, idadi zinazotajwa kwa majivuno zipokewe kwa hadhari. Matoleo ya zamani ya kitabu cha rekodi cha Guinness yaliipa set matumizi 58 ya nomino, 126 ya kitenzi na 10 ya kivumishi, ambayo jumla yake ni 194; toleo la pili la kamusi ya Oxford, la mwaka 1989, lenye juzuu 20, lilitaja zaidi ya 430, na maelezo yake yalipata maneno 60,000 hivi. Neno ni lile lile, makarani ndio tofauti.

Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba set imepinduliwa katika kiti cha neno lenye maana nyingi kuliko yote. Mhariri wa kamusi hiyo ya Oxford, Peter Gilliver, alikuwa ametumia takriban miezi tisa juu ya kitenzi run, akakipata na maana 645, kwa kuwa zama za mitambo zimekitumikisha mno: injini, treni zenye ratiba, programu za kompyuta, wagombea wa uchaguzi, hata soksi inayofumuka, vyote ni vyake. Ushindi huo siukatai, ila wapimwao hawakuwa katika mizani moja. 645 zilihesabiwa na makarani wa karne ya 21 kwa ushahidi wa karne hiyo, hali zile 430 zilikuwa zingali zimesimama, kwa sehemu kubwa, juu ya kazi ya karani wa Sheffield.