Vivumishi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kitenzi au kihusishi: maana na tafsiri zake

Katika Kiingereza, kivumishi kinachokaa baada ya kitenzi "be" mara nyingi huhitaji kijalizo ili maana yake itimie. Kijalizo hicho huwa cha aina mbili: ama kitenzi kinachotanguliwa na "to", kama katika "easy to grow", ama kihusishi pamoja na nomino, kama katika "afraid of the river". Kiswahili hakina muundo mmoja unaolingana na kila aina. Kitenzi-jina chenye ku-, kiunganifu -a, neno "kwa", hali ya kutendeka na kiambishi cha yambwa hugawana kazi hiyo. Mfasiri anayefuata umbo la Kiingereza bila kuuliza maana hutoa sentensi zenye utata, na pengine zenye maana iliyopinduka.

Mifano iliyomo humu inatoka Same na Milima ya Upare. Huko, kama kwingi Tanzania, mwanafunzi huweza kuwa na lugha tatu: Chasu nyumbani, Kiswahili katika shule ya msingi, na Kiingereza kama lugha ya kufundishia katika sekondari. Makosa mengi katika eneo hili la sarufi huzaliwa katika hatua hiyo ya tatu.

1. Nani anatenda?

Swali la kwanza mbele ya kivumishi chenye "to" ni kama kiima ndicho kinachotenda au kinachotendwa. Sentensi mbili zifuatazo zina umbo moja katika Kiingereza:

"The farmer is quick to sell."
"The ginger is easy to sell."

Katika ya kwanza mkulima ndiye anayeuza. Katika ya pili tangawizi haiuzi chochote, inauzwa. Vivumishi kama "quick", "slow", "eager", "ready" na "willing" huenda na kiima kinachotenda. Vivumishi kama "easy", "hard", "difficult", "impossible" na "dangerous" huenda na kiima kinachotendwa.

Kwa kundi la kwanza, Kiswahili kina muundo imara wa kivumishi na kiunganifu -a: mwepesi wa kuuza, mzito wa kuelewa, hodari wa kulima, mvivu wa kusoma. Kiunganifu hufuata ngeli ya nomino inayovumishwa, na kiima huwa ndicho mtendaji.

Kwa kundi la pili, njia tatu zinafaa:

(a) Kuanza na hali isiyo na mtendaji: Ni rahisi kuuza tangawizi. Ni vigumu kupanda kilele cha Shengena wakati wa mvua. Hapa hutumika "vigumu", si "ngumu" wala "mgumu", kwa kuwa neno hilo halivumishi nomino yoyote.

(b) Kutumia hali ya kutendeka: Tangawizi inauzika kwa urahisi. Barabara ya kwenda milimani haipitiki.

(c) Kutaja nomino kwanza, kisha kuirejelea kwa kiambishi cha yambwa: Barabara hii ni hatari kuitumia usiku.

Utata hujitokeza pale kivumishi na ku- vinapowekwa sambamba bila msaada wowote. "Mzee huyu ni mgumu kuelewa" ina maana mbili: ama mzee haelewi upesi, ama watu hawamwelewi. Katika mazungumzo muktadha huamua. Katika ripoti ya mwalimu, maelezo ya mgonjwa au ushahidi wa mahakamani, tofauti hiyo yaweza kumdhuru mtu. Andika "ni mzito wa kuelewa" kwa maana ya kwanza, na "ni vigumu kumwelewa" au "haeleweki" kwa maana ya pili.

2. Nani ana hakika?

Kivumishi kimoja chaweza kubadili maana yake kufuatana na kijalizo. Mfano ulio wazi ni "sure" na "certain":

"Neema is sure to pass" – Bila shaka Neema atafaulu.
"Neema is sure of passing" – Neema ana hakika kwamba atafaulu.

Katika sentensi ya kwanza hakika ni ya msemaji. Neema mwenyewe huenda ana hofu tele. Katika ya pili hakika ni ya Neema, na msemaji haahidi lolote. Tafsiri "Neema ana hakika ya kufaulu" ni sahihi kwa sentensi ya pili tu.

"Likely to" iko upande wa msemaji pia. "The rains are likely to be late" si "mvua zina uwezekano wa kuchelewa", muundo uliozoeleka katika habari zilizofasiriwa kwa haraka. Kiswahili kina viambo vyake vya tangu zamani: Huenda mvua zikachelewa, yamkini mvua zitachelewa.

3. Kivumishi kimoja, maana mbili

Jozi zifuatazo huwasumbua wanafunzi kwa sababu kamusi ndogo hutoa neno moja kwa kila kivumishi.

"Anxious to" ni hamu. "Anxious about" ni wasiwasi. Ana hamu ya kwenda Same. Ana wasiwasi kuhusu safari ya Same.

"Tired from" hutaja chanzo cha uchovu. "Tired of" hutaja kukinai. Amechoka kwa kupanda mlima. Amechoshwa na kupanda mlima kila siku.

"Afraid to" hudokeza kwamba tendo halifanywi kwa sababu ya hofu. "Afraid of" hutaja jambo linaloogopwa. Anaogopa kuvuka mto, basi amebaki ng'ambo. Anavuka mto, lakini anaogopa asije akaanguka. Kiswahili hukubali "anaogopa" na ku- katika hali zote mbili, ila "asije" huonyesha wazi kwamba kuanguka si jambo alilokusudia.

"Good at" ni ustadi, "good for" ni manufaa, "good to" ni wema. Ni hodari wa kusuka mikeka. Udongo huu unafaa kwa tangawizi. Jirani alikuwa mwema kwetu.

"Free to" ni ruhusa. "Free of" na "free from" ni kutokuwapo kwa kitu. Hili si jambo dogo katika wilaya inayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambako mipaka ya malisho ina historia ndefu ya migogoro. Maneno "free to graze" yanampa mfugaji ruhusa ya kulisha. "Free of grazing" yanasema kwamba mahali hapo hapalishwi mifugo. Neno "huru" likitumika kwa yote mawili, tangazo moja laweza kusomwa kwa namna mbili zinazopingana. Andika "wana ruhusa ya kulisha" na "mahali pasipolishwa mifugo".

4. "Of" na "for" kabla ya mtendaji

Tazama namna kihusishi kinavyobadili kinachosifiwa:

"It was good of the chairman to open the water."
"It was good for the farmers to open the water early."

Ya kwanza humsifu mwenyekiti: Mwenyekiti alifanya hisani kufungulia maji. Ya pili hupima faida ya tendo: Ilikuwa na manufaa kwa wakulima kufungulia maji mapema. Maji yanayozungumziwa yaweza kuwa ya ndiva, yaani bwawa dogo la Wapare linalokusanya maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Mahali ambapo maji hugawanywa kwa zamu, hisani ya mtu mmoja na manufaa ya wote si jambo moja.

5. "Tayari": neno la kutazamwa kwa makini

"Ready to" na "willing to" zote huelekea kufasiriwa kwa "tayari". Katika sentensi yakinishi madhara ni madogo. Katika ukanushi ni makubwa.

Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru, iliyokadiriwa kwa kuangalia mali ya kila mtu. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameandika juu ya upinzani huo. Mwanafunzi akiandika kwamba watu "hawakuwa tayari kulipa", msomaji anaweza kuelewa mambo mawili: kwamba fedha zao hazijakamilika, au kwamba walikataa. La kwanza ni upungufu. La pili ni msimamo. Na "unable to pay" ni jambo la tatu: hawakuwa na uwezo. Kwa hiyo:

"not ready to pay" – hawajajiandaa kulipa
"unwilling to pay" – walikataa kulipa, hawakuridhia kulipa
"unable to pay" – hawakuwa na uwezo wa kulipa

Historia ya watu waliotoka vijijini mwao na kushuka hadi Same kupinga utaratibu wa kodi haipaswi kugeuzwa habari ya watu waliokosa fedha kwa sababu tu ya kivumishi kimoja.

Muhtasari kwa mfasiri

Kabla ya kufasiri, uliza maswali matatu. Je, kiima kinatenda au kinatendwa? Je, hisia au hakika inayotajwa ni ya kiima au ya msemaji? Je, kijalizo kikibadilishwa kutoka "to" kuwa kihusishi, maana itabaki ileile? Majibu yakipatikana, chagua muundo wa Kiswahili unaobeba maana hiyo, hata kama kivumishi chenyewe kitatoweka na mahali pake kuchukuliwa na kitenzi, nomino au kielezi. Kiswahili husema "anaogopa", "ana hamu" na "huenda" mahali ambapo Kiingereza huweka kivumishi, na tafsiri haipungukiwi na kitu kwa kufanya hivyo.