U-505, mateka wa Chicago

Chicago iko mbali na bahari, lakini ndani ya Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda la jiji hilo imo nyambizi ya Kijerumani yenye urefu wa mita 76 na ushei. Jina lake ni U-505. Iliundwa Hamburg mwaka 1941. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walitaka kuizamisha kwa mazoezi ya shabaha, wakazi wa Chicago wakachanga fedha kuiokoa, na mwaka 1954 ikavutwa kupitia Maziwa Makuu hadi huko. Ilikaa nje miaka 50, kwenye theluji na jua, kabla ya kuhamishiwa ukumbi wa chini ya ardhi.

Ukiingia ndani unaelewa upesi mabaharia walivyobanana. Watu walikuwa 59, vitanda 35. Mtu akitoka zamu alijitupa kwenye kitanda ambacho mwenzake ametoka kukiacha, kingali na joto lake. Wengine walilala juu ya torpedo. Vyoo vilikuwa viwili, lakini mwanzoni mwa safari kimoja kilijazwa chakula. Maji ya kuoga hayakuwepo, na nguo za kazi zilinuka dizeli hadi waliporudi bandarini.

Tarehe 4 Juni 1944, karibu na pwani ya Sahara Magharibi, kikosi cha Kapteni Daniel Gallery wa jeshi la majini la Marekani kiliishambulia kwa mabomu ya chini ya maji hadi ikaibuka. Nahodha wa nyambizi, Harald Lange, akiwa amejeruhiwa, aliamuru watu waihame. Mjerumani mmoja aliuawa. Kabla ya kuruka majini, baharia Hans Goebeler alifungua mfuniko wa bomba la maji ya bahari ili chombo kizame, kisha akautupa kando. Nyambizi ilikuwa bado inakwenda, ikizunguka duara bila mtu, Luteni Albert David wa kikosi cha Gallery na wenzake walipoirukia. Hawakujua kama kuna mabomu yaliyotegwa, wala itazama saa ngapi. Mmoja wao, Zenon Lukosius, akauona ule mfuniko, akaurudisha mahali pake, na maji yakakatika. Kwangu mimi, historia yote ya U-505 imesimama juu ya kipande hicho cha chuma. Mfuniko usingepatikana, leo kusingekuwa na cha kuonyesha.

Kilichowavutia zaidi wakubwa wa jeshi ni mashine mbili za Enigma, zilizotumika kugeuza ujumbe kuwa herufi zisizosomeka, pamoja na shehena ya vitabu vya misimbo ya siri. Vyote vilipatikana siku mbili tu kabla ya majeshi ya washirika kutua Normandy. Hata hivyo Admeri Ernest King, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, alikasirika, akafikiria kumshtaki Gallery katika mahakama ya kijeshi. Hasira yake ilikuwa na sababu: Wajerumani wangesikia kwamba nyambizi imetekwa, wangebadilisha misimbo yao, na kazi ya miaka ya kuisoma ingepotea. Kwa hiyo ikavutwa kimyakimya hadi Bermuda, ikapewa jina jipya la Nemo, na mabaharia wapatao 3,000 wa kikosi hicho wakaapishwa kutosema neno. Wakatii.

Walioumia zaidi kwa siri hiyo walikuwa mbali na bahari. Mateka 58 walipelekwa kambi ya Ruston, Louisiana, wakatengwa na wafungwa wengine, na Shirika la Msalaba Mwekundu halikuruhusiwa kuwafikia. Barua zao hazikutumwa. Ujerumani ikaamini chombo kimezama na watu wote, ikaziarifu familia kwamba vijana wao wamekufa. Naelewa kwa nini siri ilitunzwa vita vikiendelea. Siwezi kuielewa baada ya Mei 1945, Ujerumani ilipokwisha kusalimu amri, ilhali mama na wake wangali wanaomboleza watu walio hai. Wa mwisho kati ya mateka hao walirudi makwao mwaka 1947.