Washenga wa Kurasa

Mtu kuandika peke yake, kwa fikra zake, bila kupitia kampuni ya magazeti, ni jambo lililojulikana katika mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria miaka hamsini hivi kabla ya intaneti kufika huko. Kilichobadilika ni chombo. Tangu mwanzo kuandika hakukuwa ndiyo kazi ngumu. Kazi ilikuwa kumfanya msomaji ajue kwamba ukurasa upo, na aliyeuandika ni mtu wa wapi.

Usenge, mji wa wavuvi ulioko Yimbo, upande wa Bondo katika Kaunti ya Siaya, unalionyesha jambo hilo ufuoni. Boti zinazoleta omena na mbuta huwa na maandishi ubavuni: namba ya usajili, na jina au msemo uliochaguliwa na mwenye boti, mara nyingi kwa Dholuo, kwa rangi ya mafuta inayopauka kila msimu na kupakwa upya. Namba ni ya serikali, jina ni la mwenyewe, na akina mama wanaosubiri mzigo huuliza boti kwa jina. Asiyejua jina humuuliza anayejua. Hatafuti katika daftari.

Desturi mbili za Waluo zinaufafanua mtindo huo vizuri zaidi. Moja ni pakruok. Nyatiti, ala ya nyuzi, ikipigwa, mhudhuriaji hutoa pesa, mwimbaji hunyamaza kidogo, naye mtoaji hujisifu kwa majina ya mafumbo, akitaja ukoo wake, kwao alikozaliwa na marafiki zake. Ni majisifu, lakini ni majisifu yasiyokamilika bila kuwataja wengine, na waliotajwa huweza kujibu. Nyingine ni ya jagam, yaani mshenga, anayewajua vijana wa pande mbili na kuwakutanisha, huku jina lake mwenyewe likiwa ndiyo dhamana ya maneno yake. Maandishi ya mtu binafsi yamewafikia watu wa ziwani kwa njia hizo mbili: mwandishi mmoja kumtaja mwingine, na mtu wa kati anayeaminika kuwaunganisha.

Mfano wa mapema unaojulikana sana ni gazeti la Ramogi. Lilianzishwa katikati ya miaka ya 1940 na Achieng' Oneko, kijana kutoka Uyoma aliyesoma Maseno, na liliandikwa kwa Dholuo. Jina lilichaguliwa kwa hesabu. Ramogi ndiye mzee ambaye, kwa masimulizi ya Waluo, aliwaongoza watu wake kutoka upande wa Uganda hadi Yimbo, na kilima cha Got Ramogi kiko karibu na Usenge. Msomaji wa Mombasa au Kampala, aliyeajiriwa relini au bandarini, hakuhitaji kuelezwa gazeti hilo ni la kina nani. Jina lilishatoa pakruok kwa niaba ya mhariri.

Uchapaji ulikuwa tatizo la pili. Waafrika wachache sana walikuwa na mitambo, na magazeti kadhaa ya Waafrika yalichapwa na Wahindi wa Nairobi, hasa G. L. Vidyarthi wa Colonial Times, ambaye alifungwa kwa kosa la uchochezi miaka hiyohiyo. Oginga Odinga, mtu wa Sakwa, Bondo, aliyewahi kufundisha Maseno, alianzisha mwaka 1947 shirika la biashara la Luo Thrift and Trading Corporation. Alizunguka mwenyewe kuuza hisa kwa Waluo waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki, na mojawapo ya mali za shirika hilo ilikuwa kiwanda cha uchapaji kilichoitwa Ramogi Press. Kwa hiyo mtu aliyelijua shirika kwa sababu Odinga alifika mlangoni kwake kuuza hisa alilijua na gazeti la Ramogi pia. Ni vigumu kumpata mshenga bora kuliko huyo. Henry Muoria naye, mfanyakazi wa reli aliyejifunza uandishi wa habari kwa njia ya posta, alianzisha Mumenyereri kwa Kikuyu mwaka 1945. W. W. W. Awori, kutoka magharibi mwa Kenya, alikuwa na Radio Posta kwa Kiswahili. Yalikuwa magazeti, lakini kwa namna yalivyoendeshwa, mtu mmoja akiwa mwandishi, mhariri, mweka hazina na wakati mwingine msambazaji, yalifanana na blogu kuliko yalivyofanana na gazeti la kampuni kama East African Standard.

Msomaji mmoja hakuwa macho mawili tu. Nakala ilisomwa kwa sauti, ikaazimwa, ikachakaa, na mwisho ikafungiwa sukari au samaki. Hiyo ndiyo sababu magazeti hayo hayajabaki kwa wingi, na ndiyo sababu idadi ya nakala zilizochapwa haisemi chochote cha maana kuhusu watu waliofikiwa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Oneko alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, na hakupata uhuru wake hadi 1961. Muoria alikuwa London wakati huo, akabaki huko. Magazeti ya Waafrika yalizimwa karibu yote. Kisiwa cha Mageta, ambacho boti za Usenge hukifikia kwa safari fupi, kiligeuzwa kambi ya wafungwa wa Mau Mau, na vivyo hivyo kisiwa cha Saiyusi. Hata kambini watu walijitengenezea chombo cha habari. J. M. Kariuki, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1963, ameeleza jinsi wafungwa wa kambi ya Manyani walivyogawa habari mafungu mawili: “Manyani Times” ilikuwa habari ya kuaminika, iliyookotwa kwa mfano na waliotumwa kufagia kwa askari, na “Waya Times” ilikuwa uvumi wa kwenye seng'enge. Magazeti yote mawili hayakuwa na karatasi. Yalitofautishwa kwa kujua habari imetoka kwa nani.

Baada ya uhuru Oneko akawa Waziri wa Habari, kisha mwaka 1969 akatiwa kizuizini tena, safari hii na serikali ya nchi huru. Kujichapishia kulibaki kwa wachache. Sheria ya Vitabu na Magazeti ilimtaka mchapishaji aweke dhamana ya shilingi 10,000, na mwaka 2002 Bunge likaipandisha hadi shilingi milioni moja. Marekebisho hayo yalimgusa pia mchuuzi: anayeuza barabarani chapisho la mtu asiyetimiza masharti alikuwa na kosa. Waliotunga kifungu hicho walijua wanachokifanya. Ukimzuia mwandishi, ataandika usiku, lakini ukimtisha anayelibeba gazeti kutoka Kisumu hadi Bondo, maandishi hayafiki.

Mlango mwingine ulikuwa umeshafunguka. Kenya iliunganishwa na intaneti mwaka 1995, ingawa shirika la posta na simu la serikali lilidai mwanzoni kwamba huduma hiyo inaingilia haki yake ya ukiritimba. Kampuni ya Africa Online ilikuwa imeanzishwa na vijana Wakenya waliosoma Marekani. Hadi nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yalipita kwenye setilaiti, kwa bei iliyofanya dakika za saiba zihesabiwe kama mizani ya mbuta. Kwa sababu hiyo wengi wa wanablogu wa kwanza wa Afrika Mashariki walikuwa ng'ambo, wanafunzi na wafanyakazi ambao kwao intaneti ilikuwa rahisi. Huduma ya Blogger, iliyozinduliwa 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, ilimwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuwa na ukurasa wake kwa dakika chache, bila dhamana ya milioni wala mtambo wa kuchapa.

Kwa Kiswahili, mtangulizi alikuwa Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyeishi Marekani, mwenye blogu ya Jikomboe. Alikuwa pia mhimili wa Wikipedia ya Kiswahili katika miaka yake ya kwanza. Mchango wake mkubwa hauhesabiki kwa makala alizoandika. Aliwahimiza wengine, akawaelekeza namna ya kufungua blogu, akawataja walipofungua. Septemba 2005, mjini Helsinki, alimsaidia mpigapicha Issa Michuzi kuanzisha blogu ambayo baadaye ilisomwa na Watanzania wengi.

Kwa Wakenya, kazi ya ushenga ilifanywa na pete ya blogu. Daudi Were, mwenye blogu ya Mentalacrobatics, alianzisha mwaka 2004 hivi pete iliyoitwa Kenyan Blogs Webring, iliyojulikana kwa kifupi KBW. Mbinu yenyewe ilikuwa imeanza katikati ya miaka ya 1990, kabla injini za kutafutia hazijawa za kutegemewa. Mwenye blogu aliomba kujiunga, mtunzaji akaisoma blogu hiyo, na akiridhika alimpa kipande cha msimbo cha kubandika pembeni au chini ya ukurasa. Msomaji aliona kisanduku kidogo chenye maneno ya kumpeleka kwenye blogu iliyotangulia, inayofuata, au yoyote kwa bahati. Alipobofya, ombi lilikwenda kwenye seva ya pete, ambayo ilitazama orodha na kumpeleka kwa jirani. Akiendelea hivyo, mwisho alirudi alikoanzia. Orodha ilitunzwa kwa mkono. Blogu iliyokufa ilipaswa kuondolewa, la sivyo msomaji aliangukia ukurasa mtupu na mnyororo ukakatika hapo.

Kando ya pete kulikuwa na orodha ya marafiki, safu ya majina iliyowekwa upande wa kulia wa ukurasa, na kulikuwa na ukurasa wa pamoja uliokusanya vichwa vya makala mpya kwa teknolojia ya RSS. Orodha ya marafiki ndiyo iliyokuwa na siasa. Kumwondoa mtu kulionekana. Kumwongeza kulitarajiwa kulipwa kwa kuongezwa, kama vile anayetajwa katika pakruok anavyoweza kujibu.

Waliokuwa nyuma ya kurasa hizo hawakujitambulisha kwa namna moja. Ory Okolloh aliandika kama Kenyan Pundit na hakuficha jina. Bankelele, aliyeandika kuhusu mabenki na soko la hisa la Nairobi, alijulikana kwa miaka kwa jina hilo la blogu. Msomaji aliwajua kwa kurudia: kwa mambo waliyorudi kuyaandika, kwa makosa waliyoyakiri, kwa watu waliowataja. Kwa mwambao wa ziwa, tovuti iliyosomwa sana na Waluo wa ng'ambo ilikuwa Jaluo.com, ambako taarifa za Leo Odera Omolo, mwandishi mkongwe wa Kisumu, zilionekana mara kwa mara. Mtu wa Yimbo aliyekuwa kazini Minnesota aliweza kujua ya nyumbani humo kabla ndugu yake hajapata pesa ya kupiga simu.

Thamani ya kujuana huko ilipimwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja baada ya matokeo ya uchaguzi wa rais kutangazwa. Kisumu ilikuwa ikiwaka moto. Blogu zilijaa taarifa zilizotumwa na wasomaji kwa simu na barua pepe, na mwanzo wa Januari 2008 Okolloh aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya matukio ya ghasia. Waliojitokeza, wakiwamo Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walikuwa wakijuana zaidi kwa njia ya blogu. Baada ya siku chache ramani hiyo, Ushahidi, ilikuwa hewani. Daudi Were naye alijiunga na kazi hiyo baadaye. Programu yenyewe haikuwa ngumu kupita kiasi, na mtu mwingine angeweza kuiandika. Ambacho kisingeweza kuundwa kwa siku chache ni imani kati ya watu walioko mabara tofauti, na hiyo ilikuwa imeshajengwa na miaka ya kutajana.

Kushuka kulikuja bila amri ya mtu. Facebook na Twitter zilichukua mazungumzo, na makala ikawa inafika kwa sababu imependwa na wengi, si kwa sababu jirani ameipendekeza. Google ilifunga huduma yake ya kusomea RSS Julai 2013. Chama cha wanablogu, BAKE, kilichoundwa 2011, kilileta tuzo na mafunzo, na blogu nyingi zikawa biashara zenye matangazo. Kisha sheria zikarudi. Mwaka 2018 kanuni za Tanzania zilimtaka mwenye blogu alipe ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni ya shilingi milioni moja, na milioni nyingine kila mwaka. Mwaka huohuo Kenya ilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta na ya mtandao, BAKE ikaenda mahakamani, vifungu 26 vikasimamishwa Mei 2018, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria haipingani na Katiba.

Blogu nyingi za miaka ile hazikuzimwa na sheria yoyote. Mwenyewe alipata kazi, au watoto, au aliacha kulipia anwani, na anwani ikanunuliwa na muuzaji wa bidhaa asizozijua. Zilizosalia zimehifadhiwa kwa sehemu na Internet Archive ya San Francisco, ambayo hupitia tovuti za dunia na kuchukua nakala kwa tarehe. Katika nakala hizo picha nyingi hazifunguki, na kisanduku cha pete kikibofywa mara nyingi hakipeleki popote, kwa kuwa seva iliyokuwa na orodha haipo tena. Safu ya upande wa kulia husomeka bado: majina ya marafiki, moja chini ya jingine, kwa mpangilio aliouchagua mwenye ukurasa.