Dawa Kaunta Moja na Chumvi

Zamani, katika miji midogo ya Tanzania kama Namanyere, mkoani Rukwa, dawa ya kichwa ilinunuliwa dukani, palepale penye chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Vidonge viliuzwa kimoja kimoja. Aspro, kidonge cha aspirini, ilitengenezwa Melbourne mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia aspirini ya Ujerumani. Eno ilituliza tumbo. Zam-Buk, marhamu ya Leeds, ilipakwa karibu kila palipouma. Bango la bati ukutani lilivuta macho, lakini tangazo kali zaidi lilikuwa mdomo wa mwenye duka, ambaye hakuwa mganga wala mfamasia. Baadaye yalikuja maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, kisha yakafika Rukwa. Humo muuzaji hupewa mafunzo kwanza.